Mwizi wa Kuku na Mwizi wa Gorogoro



Siku moja ya soko, huku kwetu Nyandarua, kijana mmoja alishikwa na kuku wa mtu ndani ya gunia. Kelele zilipigwa, na kabla hujahesabu ishirini watu walikuwa wamemzunguka. Wengine walishika mawe, wengine vipande vya mbao kutoka vibandani, na mtu mmoja alikuwa ameanza kuuliza ni wapi atapata tairi kuukuu. Sisi wa ofisi ya maendeleo tulikuwa tumepita hapo kununua mboga. Tulisaidiana na katekista na mzee wa kijiji kumwingiza kijana dukani na kufunga mlango, mpaka chifu akafika na askari. Kijana alipona, ila meno mawili yalibaki pale sokoni.

Jambo ambalo halijatutoka akilini ni hili. Kati ya waliompiga alikuwemo mama mmoja muuza mahindi na maharagwe, mtu tunayemjua vizuri, mwimbaji wa kwaya. Alikuja mbio na kile alichokuwa nacho mkononi, nacho kilikuwa gorogoro lake. Alimpiga nalo kijana kichwani. Sasa, gorogoro hilo, wateja wote wanajua, kitako chake kimebonyezwa kuingia ndani mpaka ukiligeuza juu chini unaweza kutia yai na likatulia.

Mama huyu mwenyewe ametupa ruhusa tuandike habari hii, mradi tusitaje jina wala soko. Tutamrudia baadaye. Kwanza tunataka tuulizane, sisi tunaosali rozari na kwenda jumuiya kila wiki: tukisema "mwizi", tunamfikiria nani?

Amri ni moja, wizi ni mwingi

Sisi Wakatoliki tunaihesabu kuwa Amri ya Saba. Ndugu zetu wa makanisa mengi ya Kiprotestanti huihesabu kuwa ya nane, lakini ni ile ile iliyo katika Kutoka 20:15, na ni fupi sana. Kwa sababu ya ufupi wake watu wengi hufikiri inawahusu wale wavunja milango ya usiku tu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, inaeleza kwa upana zaidi. Namba 2408 inafundisha kwamba wizi ni kuchukua mali ya mwingine kinyume cha matakwa yake yenye haki. Halafu namba 2409 inaenda mbali, na hapo ndipo wengi wetu tunaanza kujikuna. Inasema hata kama sheria ya serikali haikukamati, umevunja amri hii ukichukua kitu cha mtu bila haki na kukizuia. Kisha inataja: kutorudisha ulichoazima au ulichookota, udanganyifu katika biashara, mshahara usio wa haki, kupandisha bei kwa sababu mwenzako hajui au amebanwa na shida. Tena inataja kazi iliyofanywa vibaya, kukwepa kodi, hundi na ankara za uongo, na ufujaji.

Soma orodha hiyo polepole halafu useme ni nani katika kigango chenu ambaye hayumo. Sisi tulijaribu na tukashindwa.

Kitu kinachofanya tendo liwe wizi basi si giza wala panga. Ni kwamba mwenye mali angejua ukweli, asingekubali. Ukijiuliza swali hilo moja tu, "je, huyu angeona ninachofanya, angekubali?", mambo mengi yanapata jibu bila kumwita padre.

Gorogoro lenyewe

Wasomaji wa mjini pengine wamezoea pakiti zilizofungwa kiwandani. Huku, gorogoro ndilo mizani ya maskini. Ni lile kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili, na kila mtu anajua bei ya mahindi kwa gorogoro hata kama hajui bei ya gunia. Anayenunua kwa gunia ana pesa. Anayenunua kwa gorogoro ni kibarua, ni mjane, ni mama ambaye mumewe yuko Nairobi na hajatuma kitu. Ndiyo maana wizi wa gorogoro unatuuma kuliko wizi mwingine wa soko: unawaangukia wale wale kila siku.

Mbinu zake ni nyingi. Kuna kubonyeza kitako. Kuna kukata kopo katikati na kuliunganisha tena likiwa fupi, kazi ambayo fundi wa mabati anaifanya kwa dakika chache. Kuna kushika kopo huku vidole vikiwa ndani. Kuna kumimina haraka haraka ili punje zisimame wima na kuacha nafasi. Na wengine wana makopo mawili: moja kubwa, la kununulia kwa mkulima, ambalo hujazwa mpaka linafanya mlima na kumwagika, na jingine la kuuzia.

Haya si mambo mapya, jamani. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, aya ya 13 na kuendelea, inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia ndani ya mfuko, kubwa na dogo, na vipimo viwili ndani ya nyumba. Yaani miaka elfu mbili na zaidi kabla ya kopo la mafuta kuja Kenya, gorogoro mbili zilikuwa tayari zinajulikana! Nabii Amosi naye, katika sura ya 8, anawasema wafanyabiashara wanaongoja kwa hamu sikukuu iishe ili wafungue maduka, wapunguze kipimo, waongeze bei, na wauze hata makapi pamoja na ngano. Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa. Alikuwa mtu wa kununua kwa gorogoro, tungesema.

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu muuzaji hujitetea kwamba "ni kiganja kimoja tu". Tuseme kubonyeza kunapunguza gramu 200 katika kilo mbili. Mama anayenunua magorogoro manne kwa wiki anapoteza gramu 800. Kwa mwaka wa wiki 52 ni kilo 41 na zaidi, karibu nusu ya gunia la kilo 90. Mtu akiingia nyumbani kwa mama huyo usiku akabeba nusu gunia la mahindi, kijiji kizima kingeamka na marungu. Lakini nusu gunia hilo hilo likienda kiganja kwa kiganja, mchana kweupe, tunaambiana "ndiyo biashara".

Wapo wanaosema kwamba dhambi ndogo ndogo haziwezi kuwa kubwa, kila siku unaungama ile ya siku hiyo na kuendelea. Wazo hilo nalo ni la kale. Mwaka 1679 Papa Inosenti XI alikataa mafundisho kadhaa ya walimu waliolegeza maadili, na mojawapo lilikuwa hilo: kwamba mtu aliyeiba kidogo kidogo halazimiki, chini ya dhambi ya mauti, kurudisha jumla hata ikiwa kubwa vipi. Kanisa lilisema hapana. Jumla ni jumla.

Kilemba cha gunia

Hapa wakulima wa viazi watafurahi, kwa maana sasa wao ndio wanaoibiwa. Broka anafika shambani na lori, barabara ni matope, mvua inanyesha, viazi vimeshachimbwa na vikikaa vitageuka rangi ya kijani. Anatoa magunia yake mwenyewe. Gunia likijaa, anashonea wavu juu yake na kuendelea kujaza mpaka linavaa kilemba. Bei haibadiliki: ni ya gunia moja. Wenzetu wa Tanzania huliita lumbesa na wamelipigia kelele miaka mingi kama sisi.

Kanuni za viazi zilizotolewa nchini mwaka 2019, chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zinasema mfuko wa viazi usizidi kilo 50. Mkulima anayeuza magunia 20, kila moja likiwa na kilemba cha kilo 30, amempa broka kilo 600 bure, yaani mifuko 12 ya kilo 50. Hiyo ni karo ya shule. Na ukimuuliza mkulima kwa nini amekubali atakwambia: "Ningekataa angeenda kwa jirani." Ni kweli. Lakini kukubali kwa mtu aliyebanwa ukutani si kukubali. Katekisimu inasema wazi kwamba kutumia shida ya mwenzako katika bei ni aina ya wizi.

Basi mkulima asifurahi sana. Katika mikutano ya vikundi tumesikia pia upande wa pili: viazi vidogo na vilivyokatwa na jembe hutiwa katikati ya gunia, vizuri huwekwa juu. Mahindi hunyunyiziwa maji kidogo ili yaongeze uzito, na baadaye yanaota ukungu wenye sumu ghalani. Na maziwa! Kuhusu maziwa tusijifiche. Tunajua kwa nini karani wa kituo cha maziwa anatumbukiza laktomita kabla ya kupokea. Maziwa ni mazito kidogo kuliko maji, na yakichanganywa kile chombo kinazama zaidi. Mtu mmoja akitia lita mbili za maji ya mto katika maziwa yake, na yakamiminwa katika mkebe pamoja na ya wenzake kumi, mkebe wote unaweza kukataliwa. Ameiba kwa wenzake kumi. Na yasipokataliwa, maji hayo ya mto yenye uchafu wa ng'ombe na wa watu yanaishia katika chupa ya mtoto wa mtu.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 27, anaifananisha dhambi na kigingi kilichokaza katikati ya mawe mawili yaliyoungana. Ndivyo inavyokaa, anasema, kati ya kuuza na kununua. Hakusema ni ya muuzaji tu wala ya mnunuzi tu.

Msichana wa kazi na sukari

Tumewahi kuitwa nyumbani kwa familia moja kusuluhisha. Msichana wa kazi alikuwa ameshikwa akimtumia dada yake sukari, sabuni na mafuta, kidogo kidogo, kwa muda wa miezi. Mama wa nyumba alitaka polisi. Tulipomuuliza msichana alijibu bila kuinua macho: "Miezi minne sijalipwa." Mama akasema anamlisha na kumlaza, na pesa anamwekea asije akazitapanya.

Kwanza upande wa msichana. Yale mafundisho yaliyokataliwa mwaka 1679 yalikuwa na hili pia: kwamba mtumishi wa nyumbani anaweza kuchukua kwa siri mali ya tajiri wake ili kufidia mshahara anaouona mdogo. Papa alilikataa. Tukimruhusu kila mtu awe hakimu wa mshahara wake mwenyewe, gizani, hakuna nyumba itakayosimama. Njia ilikuwa kudai waziwazi, au kwa jumuiya, au kwa ofisi ya kazi ya serikali.

Lakini upande wa mama ni mzito zaidi, na tulimwambia hivyo mbele ya mumewe. Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua usilale kwako hata usiku mmoja. Hapa ulikuwa umelala miezi minne. Mtakatifu Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele wenyewe na Bwana anazisikia. Yoshua bin Sira anamlinganisha anayemnyima mfanyakazi ujira wake na mwuaji. Papa Leo XIII alipoandika barua yake kuhusu hali ya wafanyakazi mwaka 1891, alifundisha kwamba hata kama mfanyakazi amekubali mshahara wa chini kabisa kwa sababu ya woga au shida, ametendewa kwa nguvu, na haki inadai zaidi. Na sheria ya Kenya haiko nyuma: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi, hata wa nyumbani, siku moja ya mapumziko katika siku saba na likizo ya siku zisizopungua 21 kwa mwaka yenye malipo. Ni akina mama wangapi wa kanisa letu wanaotoa likizo hiyo? Tunauliza tu.

Wote wawili walikuwa wezi, basi, lakini mmoja tu ndiye aliyekuwa karibu kulala seli.

Kuna hatari nyingine katika habari za wafanyakazi, ya kuwashuku bure. Katika kitabu cha Tobiti, sura ya 2, Tobiti aliyekuwa amepofuka alisikia mwanambuzi akilia ndani ya nyumba yake. Mkewe Ana alipewa na matajiri wake kama zawadi juu ya mshahara wa kufuma. Tobiti hakuamini, akamwamuru amrudishe kwa wenyewe, wakagombana. Tunampenda Tobiti kwa kuwa hakutaka kitu cha wizi kikae nyumbani mwake. Laiti wanaonunua simu na betri za sola kwa bei ya kutupwa, bila kuuliza zimetoka wapi, wangekuwa na masikio yake! Lakini alimkosea mkewe. Pesa ikipotea nyumbani, tafuta kwanza chini ya godoro na katika suruali ya baba, ndipo umtazame msichana.

Sisi wa ofisi

Ingekuwa vibaya kuandika haya yote juu ya masoko na majikoni bila kujigusa. Sisi wafanyakazi wa jamii tuna wizi wetu, wenye karatasi safi.

Pikipiki ya mradi inapelekwa kumwona mgonjwa kijijini, halafu inapita shambani kwetu kubeba nyasi za ng'ombe, na daftari la safari linaandikwa "ziara ya kikundi". Semina ya siku tatu inamalizika kwa siku mbili na marupurupu yanatiwa sahihi kwa tatu. Risiti ya chai ya watu 20 inaandikwa 35. Tunafika saa nne tukisema barabara ilikuwa mbaya, na mama aliyetembea kilomita saba na mtoto mgonjwa anaketi nje akingoja. Muda wake nao ni mali. Fedha hizo zilitoka kwa wafadhili waliochangishana parokiani kwao, wengine wastaafu, kwa jina la huyo mama. Tumekaa kama wafanyakazi tukazungumza juu ya hayo, na kikao hakikuwa kitamu. Daftari la pikipiki sasa linakaguliwa na kamati ya kigango, si na sisi wenyewe.

Watu hupenda kusema kwamba wezi wenyewe wako juu, na sisi huku tunaokota makombo. Ni kweli kwamba wako juu. Sakata ya Goldenberg, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilifyonza mabilioni ya shilingi za umma kwa madai ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo nchi haikuwa nazo, na bei za vitu zilipanda mpaka kwenye jiko la kila mtu. Hatuwezi kulinganisha hilo na nyasi za ng'ombe. Lakini yule karani aliyepitisha fomu za uongo hakuanza siku hiyo. Pengine alianza na risiti ya chai.

Mengine kwa haraka

Deni. Kukopa huku unajua hutalipa ni wizi tangu siku ya kukopa. Katika chama, mtu anapokea zamu yake ya kwanza halafu anahama simu. Mikopo ya serikali watu huiita "pesa yetu" na kuona kulipa ni ujinga. Ni yetu, ndiyo, na kwa hiyo ni ya yule jirani anayengoja nafasi yake.

Pesa za simu zilizoingia kimakosa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, tumepata aina hii mpya ya kuokota. Mtu akiona elfu tatu zimeingia, anazitoa mbio kabla mwenyewe hajapiga simu, kisha anashuhudia kanisani kwamba Mungu amemtendea. Mungu hakumtuma mtu mwingine akosee namba. (Aliyekosea asipoteze muda: apeleke ule ujumbe wa M-Pesa kwa namba 456 aombe pesa zirudishwe. Na wewe uliyepokea, uwe mwangalifu, wapo matapeli wanaoghushi ujumbe ili "uwarudishie". Angalia salio lako kwanza.)

Mpaka wa shamba. Kila msimu jembe linasogea hatua nusu kuelekea kwa mjane. Kumbukumbu la Torati 27:17 inaweka laana juu ya jambo hilo, na sisi tumeona udugu wa miaka arobaini ukifa kwa mstari mmoja wa mahindi.

Waya wa umeme uliounganishwa usiku, chenji ambayo makanga "amesahau", vitabu vya nyimbo vya kanisa vilivyo kabatini kwetu: msomaji anaweza kuendelea mwenyewe.

Na mwenye njaa?

Swali hili huulizwa katika kila jumuiya, na ni swali zuri. Kanisa halisemi kwamba mali ya mtu ni yake dhidi ya dunia nzima. Mungu aliumba vitu kwa ajili ya wote. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba mtu aliye katika shida kubwa ya wazi, ambaye hana njia nyingine ya kuokoa uhai wake, akichukua chakula hajafanya wizi kwa maana kamili. Katekisimu inafundisha hivyo hivyo. Mtakatifu Basili naye, muda mrefu kabla yake, aliwageuzia matajiri neno na kuwaambia kwamba mkate wanaouficha ni wa wenye njaa.

Torati ina mfano unaotupendeza sana. Kumbukumbu 23:24-25 inamruhusu mpita njia kula zabibu za jirani mpaka ashibe, lakini asitie hata moja katika chombo chake. Wazee wetu walikuwa na desturi karibu sawa: msafiri mwenye njaa aliweza kuvunja muwa au kuchimba kiazi kitamu akala pale pale, na hakuna aliyempigia kelele. Akibeba, hapo ameiba. Mpaka uko hapo, kati ya tumbo na gunia.

Lakini tusidanganyane kwamba kila wizi unatoka kwa njaa. Mtakatifu Agustino, katika kitabu chake cha Maungamo, anakumbuka jinsi alivyoiba mapeasi na wenzake akiwa kijana wa miaka 16. Hawakuwa na njaa, na mengi waliwatupia nguruwe. Mzee yule alikuwa askofu alipoandika, na bado jambo lile lilikuwa linamsumbua.

Kijana wetu wa kuku alikuwa wapi kati ya hao wawili? Tulifuatilia. Nyumbani kulikuwa na wadogo watatu, na mama yake alikuwa anadai vibarua vya kupalilia vya majuma matano. Hatusemi kwamba angelipwa kijana asingeiba. Alikuwa pia amezoea kuzurura. Mzee Mithali, sura ya 6, aya ya 30 na 31, anasema watu hawamdharau aibaye kwa njaa, lakini akipatikana alipe. Yote mawili yamo. Kurushiwa mawe mpaka kufa hakumo, na tunasema wazi kwamba kumuua mshukiwa ni kuvunja amri ya tano kwa kisingizio cha kutetea ya saba.

Kuungama na kurudisha

Hapa ndipo wengi hukwama. Padre anakupa maondoleo, unasali Salamu Maria tatu, unarudi nyumbani na ng'ombe wa mwenzako bado yuko zizini. Haiwi. Katekisimu namba 2412 inadai kilichoibwa kirudishwe, na kama hakipo tena, thamani yake pamoja na faida ambayo mwenyewe angeipata. Zakayo, katika Luka 19, hakuambiwa na mtu alipe. Alisimama mwenyewe akaahidi mara nne, kipimo ambacho sheria ya Musa, Kutoka 22:1, iliweka kwa mwizi wa kondoo.

Watu hutuuliza ofisini kama ni lazima wajianike. Si lazima. Unaweza kurudisha kwa siri, au kupitia padre, ambaye amefungwa na siri ya kitubio. Kama mwenyewe alifariki, wapewe warithi. Kama huwezi kulipa yote, anza na kidogo. Kama kweli hawajulikani, wape maskini. Lakini usianzie hapo kwa sababu ni rahisi, ukampa padre sadaka nono huku jirani uliyemwibia anaishi ng'ambo ya mto. Yoshua bin Sira, sura ya 34, anasema atoaye sadaka kutoka mali ya maskini ni kama anayemchinja mwana mbele ya baba yake. Viongozi wa harambee za kanisa nao walisome hilo kabla ya kushangilia bahasha.

Sasa yule mama wa soko. Baada ya mwezi mmoja hivi alikuja ofisini, akakaa, akazungumza habari za mvua kwa muda mrefu. Mwishowe akatuuliza: "Nikitaka kuwarudishia, nitawarudishia vipi? Siwajui wote." Tulimwambia ajaribu kuwarudishia kwa njia ile ile aliyochukulia. Basi alimpelekea fundi gorogoro likagongwa kitako mpaka kikanyooka, na tangu hapo kila anayenunua humwongezea kiganja juu. Kijana naye alimpelekea nyumbani debe la mahindi. Mama wa kijana alilipokea bila kusema neno, na hatujui moyoni mwake kukoje.

Wateja mwanzoni walishuku kwamba mahindi yameharibika. Wauzaji wenzake wawili walimfuata kumuuliza anataka kuwaharibia soko kwa nini, na mpaka tunapoandika haya hawajaanza kumsalimia. Faida yake imepungua, anasema, na karo ya muhula huu bado hajaimaliza. Jumuiya yao sasa inachanga kununua mizani ya kuning'iniza iliyokaguliwa na kupigwa muhuri kama inavyotaka Sheria ya Mizani na Vipimo, itundikwe karibu na lango la soko, ili mtu yeyote aliyenunua aweze kupima tena kabla ya kwenda nyumbani. Wanaotaka kuona wanavyofanya wanaweza kufika ofisini kwetu siku yoyote ya kazi, asubuhi, tutawaelekeza. Tutakuwepo saa mbili.